Kwa nini lithiamu inakimbia ndani ya chumvi ngumu ya LiBH4, lakini haidrojeni yenyewe haitoki?

#1 Mtafiti wa Ziwa
Wakuu, heshima kwenu.

Kuna jambo linanisumbua, naomba wenye kemia na fizikia ya vitu vigumu waje hapa. LiBH4 (lithiamu borohaidraidi: ioni ya lithiamu na kikundi cha BH4, yaani boroni iliyoshika haidrojeni nne) ni chumvi nyeupe ya ungaunga. Asilimia 18.5 ya uzito wake ni haidrojeni, ndiyo maana watu waliitamani kama ghala la haidrojeni. Tangi la Toyota Mirai linabana gesi hadi bar 700. Hapa haidrojeni imeshikwa na boroni, imetulia tu.

Mwaka 2007 Matsuo, Orimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Sendai, walitangaza kwamba chumvi hii ikifika karibu nyuzi 115 za selsiasi inabadili umbo la fuwele, na hapohapo upitishaji wake wa umeme unapanda mara elfu hivi, unafika siemensi 0.001 kwa sentimita. Na bado ni kigumu! Kuyeyuka kwake ni karibu nyuzi 275 huko. Kinachopita ni ioni za lithiamu. Lakini ukiitaka haidrojeni kwa wingi, unapasha mpaka chumvi iyeyuke na joto lipande hadi karibu nyuzi 400. Kuirudisha ndani, Orimo mwenyewe alitumia nyuzi 600 na bar 350.

Kitu kimoja, chembe mbili nyepesi. Moja inakimbia, nyingine imekwama, na iliyokwama ndiyo nyepesi zaidi. Dai langu ni kwamba vikundi vya BH4 vinazunguka na kuisukuma lithiamu mbele kama kasia. Nipingeni.

#2 Mwalimu wa Kidato
Nusu ya swali ni rahisi. Lithiamu hapo ni ioni huru, imeshikwa na mvuto wa chaji peke yake. Haidrojeni imefungwa kwa boroni kwa kushirikiana elektroni. Haiwezi kuruka peke yake mpaka kifungo kivunjike. Uzito mdogo hausaidii kitu kama umefungwa. Nusu ya pili, ya makasia, nawaachia wengine.

#3 Binti Pwani
@Mwalimu wa Kidato sawa kabisa. Niongeze kwamba haidrojeni hiyo haijatulia hata kidogo. BH4 ni piramidi ya nyuso nne za pembetatu, boroni katikati na haidrojeni kwenye pembe zake nne. Vipimo vya NMR (mwitikio wa viini vya atomu ndani ya sumaku) na vya kutawanya nyutroni vinaonyesha kikundi hicho kinajigeuza mabilioni ya mara kwa sekunde moja kikiwa kwenye umbo la joto. Kinazunguka pale pale kilipo, hakiendi popote. Kwa hiyo haidrojeni inakimbia sana kwa kuzunguka, na karibu haisafiri kabisa.

#4 Kinu cha Mipira
Uzi mzito, nakaa mbele.

Fikirieni daladala iliyojaa hadi mlangoni. Konda anataka kufika nyuma kukusanya nauli. Abiria wakikaza mabega hapiti. Wakianza kugeuka, kila anayegeuza bega anaacha upenyo na konda anapenya. Konda ndiye lithiamu, abiria ni BH4. Hapo mleta uzi ana hoja.

#5 Njia Wazi
@Kinu cha Mipira mfano mzuri, lakini umejibu swali lingine. Kuacha upenyo si kusukuma. Mleta uzi anasema BH4 *inasukuma*. Konda wako anapita kwa sababu kuna nafasi, hakuna abiria aliyempiga kiwiko akaruka mbele.

Ugomvi huu si wa leo. Kuna salfeti ya lithiamu, Li2SO4, ambayo juu ya nyuzi 575 inapitisha lithiamu kwa kasi kubwa sana huku vikundi vya salfeti vikizunguka. Lundén wa Gothenburg, Sweden, akashikilia gurudumu la makasia. Secco wa Kanada akampinga: kinachoamua ni ukubwa wa nafasi na njia zilizounganika, mzunguko ni jambo linalotokea tu sambamba. Walijibizana kwenye majarida miaka ya 1980 hadi 1990 na kila mmoja akabaki na lake.

#6 Mtafiti wa Ziwa
@Njia Wazi asante kwa historia. Sasa nieleze hili: mruko wa upitishaji na wepesi wa kuzunguka vinatokea kwenye nyuzi zilezile, 115. Bahati tu?

#7 Njia Wazi
Si bahati, ni mzazi mmoja mwenye watoto wawili. Fuwele inatoka umbo la pembe mraba lenye pande tatu zisizolingana kwenda umbo la heksagoni. Kila kitu kinalegea pamoja: BH4 inapata uhuru wa kuzunguka, lithiamu inapata njia. Mambo mawili kutokea saa moja hakulifanyi moja kuwa sababu ya lingine.

Na nikupe ushahidi mgumu zaidi. Iodaidi ya fedha, AgI. Tubandt na Lorenz waliipima Ujerumani, wakachapisha 1914. Ikipita nyuzi 147 upitishaji unaruka hadi zaidi ya siemensi 1 kwa sentimita. Iodaidi ni mviringo mtupu. Hakuna mkono, hakuna kasia, hakuna cha kuzungusha. Fedha inapita vizuri tu.

#8 Mzee wa Tanuri
Kijana umeleta AgI, basi malizia utamu wake. Ukiiendeleza mpaka ikayeyuka, nyuzi 558 au karibu na hapo, upitishaji unashuka kidogo. Kigumu kinapitisha kuliko uji wake! Sababu ni kwamba katika kigumu zile ioni za fedha ndizo zimeyeyuka, na iodaidi zimesimama kama nguzo. Zikiyeyuka zote, nguzo nazo zinaanza kutangatanga na kuziba njia.

Faraday aliona jambo la ukoo huu kwenye salfaidi ya fedha tangu 1833: kitu kigumu kinachopitisha umeme zaidi kadiri unavyokipasha. Metali inafanya kinyume.

#9 Fundi Betri Mwanza
Mimi natengeneza betri za pikipiki za umeme, sina digrii ya haya. Naomba kuuliza: hizi namba ni kubwa au ndogo? 0.001 inanisaidia nini?

#10 Binti Pwani
@Fundi Betri Mwanza kimiminika kilichomo kwenye betri ya simu kina karibu 0.01. Kwa hiyo LiBH4 ya moto iko nyuma mara kumi hivi, na kwa kigumu hiyo ni namba nzuri. Shida ni joto. Chini ya nyuzi 115 inaporomoka, na kwenye joto la chumbani inafika karibu 0.00000001. Betri ya kupasha moto kabla ya kuwasha pikipiki haina mteja.

#11 Fundi Betri Mwanza
Hapo nimeelewa. Mteja wangu hata kuchaji usiku anasahau, sembuse kupasha.

#12 Kinu cha Mipira
Ndiyo maana wakaja na iodaidi. Maekawa na wenzake, 2009, kundi la Tohoku hilohilo. Ukichanganya LiBH4 sehemu tatu na LiI (iodaidi ya lithiamu) sehemu moja, umbo la heksagoni linabaki mpaka joto la chumbani. Upitishaji unakuwa karibu 0.00002 kwenye nyuzi 27. Si nyingi, lakini ni mara elfu kadhaa juu ya LiBH4 tupu.

Na hapa, @Njia Wazi, ulitaka ioni isiyo na mikono? Imeingizwa kwenye fuwele hiyohiyo.

#13 Njia Wazi
Na upitishaji ukapanda. Umenisaidia mwenyewe: tumetoa makasia robo nzima, lithiamu ikapita vizuri zaidi. Iodaidi ni kubwa, imetanua fuwele, njia zikafunguka. Kesi imekwisha.

#14 Binti Pwani
Haijaisha, tulia kidogo. Vipimo vya NMR na nyutroni kwenye mchanganyiko huo vinaonyesha kwamba BH4 zilizobaki zinazunguka kwa *wepesi zaidi* kuliko zilivyokuwa kwenye chumvi tupu. Fuwele ikitanuka, kizuizi cha kuzunguka kinashuka. Umepunguza idadi ya makasia lakini yaliyobaki yanapiga kwa kasi. Ushahidi mmoja, pande zote mbili mnautumia.

#15 Mwalimu wa Kidato
Hapa sasa ndipo napenda. Kwa wanaosoma kimya: kitu kinachopimwa ni nishati ya kuruka kizuizi. Ukichora logi ya upitishaji dhidi ya moja kugawanya joto la kelvini, mteremko wa mstari unakupa kizuizi hicho. Kundi la Sendai lilipata elektroni-volti 0.69 kwa umbo la baridi na 0.53 kwa umbo la joto. Tofauti inaonekana ndogo, lakini imekaa kwenye kipeo, kwa hiyo inazaa tofauti kubwa sana.

Swali langu kwa wote wawili: kizuizi hicho ni cha kuruka peke yake, au kina ndani yake gharama ya kutengeneza nafasi ya kurukia?

#16 Gharama ya Nafasi
Nilikuwa nasubiri mtu aulize hilo. Mnajadili wanaosukuma na njia, mmesahau kasoro za fuwele. Katika fuwele kamilifu lithiamu hairuki popote, kila kiti kina mtu. Inabidi lithiamu moja itoke kwenye kiti chake iingie katikati ya safu, iache pengo. Kasoro ya Frenkel hiyo. Hesabu za kompyuta za Ikeshoji na wenzake kwa umbo la joto zilionyesha lithiamu inaweza kukaa kwa muda kwenye sehemu ya katikati isiyo imara sana. Kama kutengeneza kasoro ni rahisi kwenye heksagoni, unapata mruko wa mara elfu bila kumwita konda wala abiria.

#17 Kinu cha Mipira
@Gharama ya Nafasi na nani anaifanya kasoro iwe rahisi? BH4 inageuza haidrojeni zake upande mwingine ili iikaribishe lithiamu pale katikati. Tumerudi kwenye mabega.

#18 Gharama ya Nafasi
Inageuka baada ya lithiamu kufika, au kabla? Ukinijibu hilo kwa kipimo, nakununulia chakula.

#19 Mzee wa Tanuri
Mnazungumzia kigumu tu. Mimi kazi yangu yote ilikuwa chumvi za kuyeyusha, niseme ya upande wangu.

Haidrojeni inaweza kusafiri kama ioni bila shida, ila lazima iwe haidraidi, yaani haidrojeni yenye elektroni ya ziada. Chukua LiH, haidraidi ya lithiamu. Inayeyuka karibu nyuzi 690. Pitisha umeme ndani yake, haidrojeni inatoka.

#20 Mwanafunzi wa Mwisho
Shikamoo Mzee. Inatoka katodi kama kawaida ya haidrojeni, sivyo? Shuleni tulifundishwa metali na haidrojeni zote katodi.

#21 Mzee wa Tanuri
Marahaba. Hapana mwanangu, *anodi*. Kwenye maji yenye asidi haidrojeni ni chanya, inakwenda katodi. Kwenye LiH iliyoyeyuka ni hasi, inakwenda anodi, na lithiamu ndiyo inabaki katodi. Moers alilionyesha hilo 1920 Ujerumani, na mwaka 1922 Bardwell wa Marekani akayeyusha haidraidi ya kalsiamu ndani ya chumvi za kloraidi, akapima kiasi cha gesi kilichotoka anodini, kikafuata sheria ya Faraday. Kabla ya hapo ioni hasi ya haidrojeni ilikuwa wazo la karatasini.

Kwa hiyo @Mtafiti wa Ziwa, swali lako lina jibu la kando: haidrojeni haikukwama kwa asili yake, imekwama kwa sababu iko ndani ya BH4. Ioni inayosafiri kwenye chumvi yako iliyoyeyuka ni BH4 nzima, na boroni yake mgongoni.

#22 Mtafiti wa Ziwa
Hii ya mwisho imenifungua. Nauliza basi, haidraidi hasi inakimbia kwenye kigumu pia au mpaka uyeyushe?

#23 Binti Pwani
Inakimbia. BaH2: kundi la St Andrews, Scotland, lilichapisha 2015 kwamba ikibadili umbo kwenye joto la nyuzi 500 hivi, haidraidi zinapita kwa kasi kubwa. Mwaka uliofuata Kobayashi, Kanno na wenzao Japani wakaja na oksihaidraidi yenye lanthanamu, strontiamu na lithiamu, wakaijengea seli ndogo kuthibitisha kwamba kinachopita ni haidraidi. Hapo lithiamu imekaa kimya na haidrojeni ndiyo inatembea. Kinyume kabisa cha chumvi ya uzi huu.

#24 Njia Wazi
Na kwenye metali ni kituko kingine. Paladiamu: Graham aliona 1866 kwamba inameza haidrojeni mamia ya mara ya ujazo wake. Ndani humo haidrojeni inarukaruka kati ya matundu ya fuwele hata kwenye joto la chumbani. Lakini magnesiamu, ambayo ikijaa haidrojeni ni asilimia 7.6 ya uzito, inajifungia mlango: haidraidi inajitandaza juu ya uso, na haidrojeni haipiti tabaka hilo. Unabaki na ganda la MgH2 na moyo wa metali tupu.

#25 Mtaa wa Pili
Samahani wakuu naingia kwa mlango wa nyuma. Kenya ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani mwaka 2023. Hizi chumvi ndizo zitabeba?

#26 Kinu cha Mipira
@Mtaa wa Pili mkakati ule uliweka mbele mbolea, yaani haidrojeni igeuzwe amonia. Chumvi hizi bado ni za maabara. Haidraidi za metali ndizo zipo kazini kweli: nyambizi za Ujerumani za aina ya 212 zinabeba haidrojeni humo, kwa sababu chombo cha baharini hakiogopi uzito kama gari.

#27 Mwanafunzi wa Mwisho
Niliwahi kufanya kazi na LiBH4 nje ya nchi. Kila kitu ndani ya boksi la glovu lenye agoni, kwa sababu unyevu kidogo tu unaila. Jambo lililonishangaza ni pale inapoyeyuka: ikianza kutoa haidrojeni inafanya povu, inapanda kwenye kuta za chombo. Ukipoza, umbo lake halifanani na ulichoweka. Watu wanachora mlinganyo LiBH4 inakwenda LiH na boroni na haidrojeni, asilimia 13.8 inatoka, vizuri. Lakini boroni iliyobaki imejikusanya kivyake na LiH kivyake. Kurudisha maana yake boroni isafiri tena ikutane na LiH, na boroni ni mvivu kupita maelezo.

Kwa hiyo naongeza mshitakiwa mwingine: kinachokwamisha ghala ni boroni. Haidrojeni inasingiziwa.

#28 Mwalimu wa Kidato
@Mwanafunzi wa Mwisho hiyo inafanana na kesi ya NaAlH4, chumvi ya ghala yenye sodiamu, aluminiamu na haidrojeni. Bogdanović na Schwickardi, Mülheim, Ujerumani, 1997: ukiweka titani kidogo, haidrojeni inatoka na kurudi kwa joto la kustahimilika. Kila mtu akauliza titani inafanya nini. Wengine wakasema inavunja molekuli ya haidrojeni kwenye uso, wengine wakasema inazalisha mapengo. Wengine wakasema tatizo ni aluminiamu kusafiri mbali na sodiamu, na huenda inabebwa na AlH3 inayoteleza. Wote bado wana wafuasi.

#29 Gharama ya Nafasi
Na usisahau kwamba LiBH4 haivunjiki hatua moja. Katikati inaweza kuzaa Li2B12H12, kizimba cha boroni kumi na mbili. Kwa watu wa ghala hiyo ni balaa, haidrojeni ya humo haitoki kirahisi. Lakini wenye betri waliigeukia familia hiyo kwa furaha. Na2B12H12, ndugu yake wa sodiamu, juu ya nyuzi 250 hivi inafika siemensi 0.1 kwa sentimita. Udovic na wenzake wa NIST, Marekani, 2014. Ya boroni kumi, Na2B10H10, inabadilika karibu nyuzi 100 tu.

#30 Kinu cha Mipira
Na vizimba hivyo vinazunguka!

#31 Njia Wazi
Na ni vikubwa, vinaacha njia pana!

#32 Fundi Betri Mwanza
Nyie wawili mtafika lini? Mimi nataka kujua ipi inafanya kazi bila kupashwa.

#33 Binti Pwani
@Fundi Betri Mwanza changanya hizo mbili nusu kwa nusu. Maabara ya Empa, Uswisi, ilifanya hivyo ikapata karibu siemensi 0.0009 kwenye nyuzi 20. Vizimba viwili visivyolingana vinaizuia fuwele isirudi kwenye umbo la baridi. Wakajenga nayo betri ndogo ya sodiamu ya maabara.

#34 Fundi Betri Mwanza
Nyuzi 20! Mwanza hiyo ni asubuhi na mapema. Shukrani sana dada, hili nalifuatilia.

#35 Mtafiti wa Ziwa
Nimesoma yote mara mbili. Bado nashikilia makasia, lakini nayasogeza: nadhani kuzunguka kunashusha kizuizi kwa muda mfupi, na lithiamu inachagua wakati huo. Kumwita msukuma ni kuzidisha, hapo @Njia Wazi ana haki yake. Ila jambo moja hamjagusa. Blanchard na kundi la Utrecht waliyeyusha LiBH4 ikaingia kwenye vitundu vya silika vya nanomita chache. Upitishaji kwenye joto la chumbani ukafika karibu 0.0001. Nafasi, makasia, Frenkel, nani anaeleza hilo?

#36 Njia Wazi
Hakuna kati ya hao. Ni mpaka wa chumvi na silika. Tabaka jembamba linalogusa ukuta lina fuwele iliyovurugika, lithiamu inapita humo.

#37 Gharama ya Nafasi
Au ni kemia. Vipimo kwenye michanganyiko ya LiBH4 na oksaidi vimeonyesha vifungo vya boroni na oksijeni pale mpakani. BH4 inatoa haidrojeni, inashika oksijeni ya ukuta, lithiamu inabaki haina mwenza wa kuishika sawasawa. Hapo si mvurugiko tu, ni kiwanja kipya.

#38 Mwanafunzi wa Mwisho
@Gharama ya Nafasi ingekuwa oksijeni peke yake, mbona hata kusaga kunapandisha? Mchanganyiko wa LiBH4 na LiI ukitoka kwenye kinu cha mipira unapitisha zaidi. Ukiupasha nyuzi 140 ukaupoza, upitishaji unashuka. Hapo hakuna silika wala alumina.

#39 Gharama ya Nafasi
Kasoro zinapona kwa joto, ndiyo nilichosema tangu #16.

#40 Kinu cha Mipira
Au mipaka ya chembe inapungua chembe zikikua. Pima sampuli ileile kwa NMR kabla na baada ya kupasha: NMR inaona mruko mmoja wa lithiamu, kipimo cha umeme kinaona safari nzima hadi ng'ambo. Zikipishana, tatizo liko mipakani. Zikishuka pamoja, ni kasoro za ndani. Mwenye data ya vipimo vyote viwili kwenye sampuli moja aiweke hapa.